Mfadhili, Mlezi na Mchango Wetu

Ndugu wana wa nyumbani,

Anayetoa tunamwita kwa majina mengi: tajiri, mfadhili, mlezi. Historia inatukumbusha kwamba kila mmoja hutoa kwa namna yake.

Zanzibar, karne ya 19, Taria Topan aliikopesha misafara ya Tippu Tip, na deni likalipwa kwa pembe za ndovu. Huyo ndiye tajiri wa biashara. Sultani Barghash naye alileta muziki wa Misri katika jumba lake, ukapigwa kwa ajili yake na wageni wake. Mwaka 1905 wapenzi wa muziki huo wakaunda chama chao wenyewe, Ikhwani Safaa. Usultani uliondoka 1964. Chama kipo hadi leo.

Katika siasa, sheria yetu ya uchaguzi iliwahi kuruhusu takrima kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania iliibatilisha, kwani ilimbeba mgombea mwenye fedha na kumwacha asiye nazo.

Ndiyo maana kila mwaka tunawaomba ninyi kwanza. Mlezi tunamkaribisha kwa heshima zote, ila mchango wake utaingia katika daftari lilelile, naye atapewa stakabadhi ileile anayopewa mama aliyetoa elfu mbili. Zahanati ikijengwa na mtu mmoja, ina mwenyewe. Tukiijenga wote, hakuna wa kutudai kura wala shukrani.

Haba na haba hujaza kibaba. Karibuni tuchangie.