Tusimkimbie Anayekaribia Kufa



Mwaka 1965, katika mji wa Chicago, Marekani, wanafunzi wanne wa theolojia walimwendea Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili, mzaliwa wa Uswisi. Walitaka kujifunza jinsi mwanadamu anavyokabili kifo. Daktari akaona kwamba walimu wa jambo hilo ni wagonjwa wenyewe.

Basi akazunguka wodi za hospitali ya chuo kikuu, akiomba ruhusa ya kuzungumza na mgonjwa aliye karibu kufa. Ajabu, hakupatikana hata mmoja! Madaktari wengine walisema wagonjwa wao wamechoka mno, wengine walikasirika. Lakini wagonjwa walikuwapo. Mama huyu alitambua kwamba wenzake waliogopa, na hofu yao ilijivika vazi la huruma.

Hatimaye alipatikana mzee mmoja. Alimnyoshea daktari mikono, akamsihi aketi wazungumze papo hapo. Daktari akamwambia kwamba atarudi kesho pamoja na wanafunzi. Walipofika kesho yake, mzee alikuwa amelegea juu ya mito, hawezi kusema ila kwa shida. Haikutimia saa moja, akafa.

Daktari hakulificha jambo hilo. Alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969, On Death and Dying. Tena ikawa desturi yao: kila mgonjwa alipokwisha kuzungumza na kurudishwa wodini, wale waliomsikiliza waliketi wakasema yaliyokuwa mioyoni mwao wenyewe. Wagonjwa zaidi ya 200 walizungumza nao. Ndivyo walivyojifunza kutenganisha hofu ya mgonjwa na hofu yao.

Je, na sisi? Sisi wachungaji twafika kitandani, twasoma zaburi upesi, twaomba upesi, kisha twatazama saa. Mgonjwa akisema, "Mchungaji, naona safari yangu imekaribia," twamjibu, "Usiseme hivyo, utapona." Twadhani twamtia moyo. Kumbe twajituliza wenyewe, na yeye twamfunga kinywa. Nyumbani nako twalia jikoni, kisha twarudi kwa mgonjwa tukicheka. Naye hubaki peke yake na siri ambayo kila mtu aijua.

Luka 22 yatueleza kwamba wanafunzi kule mlimani walilala kwa sababu ya huzuni. Walimpenda Bwana, lakini huzuni iliwalemea. Naye Bwana, alipokwenda penye kaburi la Lazaro, alilia mbele ya watu wote, wala machozi hayakumzuia kufanya kazi yake.

Basi juma hili, kabla hatujaenda kumtazama mgonjwa, tumweleze Mungu hofu yetu, hata na ndugu mmoja tunayemwamini. Kisha tuvute kiti, tuketi. Akitaka kusema leo, tusimwambie kesho.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyelia pamoja na waliofiwa, utusaidie tusikimbie. Amina.