Mlo wa kupunguza uzito

Mlo wa kupunguza uzito ni utaratibu wa kula unaoupa mwili nishati pungufu kuliko inayotumika, hadi mwili uchome mafuta uliyojiwekea. Kwa kanuni hiyo, karibu kila mlo wenye jina hufanya kazi miezi ya mwanzo, uwe unakata wanga au mafuta. Kinachoitofautisha milo hii hasa ni muda ambao mlaji anaweza kudumu nayo.

Jambo hilo lilipimwa Boston, Marekani, katika utafiti wa Michael Dansinger na wenzake uliochapishwa mwaka 2005. Watu 160 wenye uzito uliozidi waligawanywa bila kuchagua katika makundi manne: Atkins, wenye wanga kidogo, Ornish, wenye mafuta kidogo mno na usio na nyama, Zone, unaopima uwiano wa virutubisho, na Weight Watchers, unaohesabu pointi za chakula. Baada ya mwaka, wastani wa uzito uliopungua ulikuwa kati ya kilo 2.1 na 3.3, na hakuna mlo ulioweza kuitwa mshindi. Karibu nusu ya watu wa Atkins na Ornish walikuwa wamekwisha kuacha; katika milo mingine miwili, theluthi moja hivi. Walioshika mlo wao barabara, uwe upi, ndio waliopungua zaidi.

Kudumu ni kugumu kwa sababu mwili wenyewe hupinga. Mafuta yakipungua, leptini, homoni inayoujulisha ubongo kwamba akiba ipo, hushuka. Ghrelini, inayochochea njaa, hupanda. Mabadiliko hayo yanaweza kuendelea mwaka mzima baada ya uzito kushuka. Kumwambia aliyenenepa tena kwamba hana nia ni kumdhulumu.

Kwa hiyo mlo huchaguliwa kwa kuangalia kwanza jiko la nyumbani. Mama wa familia akiambiwa aache ugali kabisa, itambidi ajipikie chungu chake pembeni, na haitachukua muda atachoka. Akipunguza tonge na kuongeza mchicha au sukuma wiki, atabaki mezani na wenzake. Mafuta ya kupikia yanastahili kutazamwa kwa makini: kijiko kimoja kikubwa kina kilokalori 120 hivi, na anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hutia vijiko kadhaa bila kujua. Akipima, nishati hupungua na sahani inabaki ileile. Chai nayo huficha mengi: vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu vidogo vya sukari kila kimoja vina kilokalori zipatazo 145 za sukari pekee.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari amwone daktari kabla ya kukata wanga, kwani dozi ileile inaweza kuishusha sukari yake kupita kiasi. Mjamzito asianze mlo wa kupungua bila ushauri wa kliniki.