Mavuno na hifadhi ya chakula Ufipa

Mavuno na hifadhi ya chakula Ufipa ni kazi za kiangazi za kaya za wakulima katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Huanza Mei, mvua zinapokatika, na huendelea hadi Oktoba, wiki chache kabla ya mvua za Novemba. Katika miezi hiyo kaya huvuna ulezi, mahindi, maharage, karanga na alizeti, hupura na kupukuchua, huanika, hupepeta, kisha huamua kipi kiingie ghalani na kipi kipande lori. Uamuzi huo wa mwisho umekuwa mgumu kuliko kazi ya jembe yenyewe, hasa tangu mahindi yalipouondoa ulezi kwenye nafasi yake ya kwanza.

Nchi na majira

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, na Bonde la Ziwa Rukwa, upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo juu ya mji hufikia mita 2,400 hivi. Mvua ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo mbingu hufunguka na halidondoki tone kwa karibu nusu mwaka.

Mtu wa pwani akisikia neno kiangazi hufikiria jasho. Sumbawanga mambo ni tofauti: Juni na Julai ndiyo miezi ya masweta na kuota moto, na asubuhi wavunaji hungoja kwanza umande ukauke ndipo waingie shambani. Lakini jua la mchana ni kali, hewa ni kavu, na upepo wa kusini mashariki hauna simile. Hali hiyo ndiyo hazina kubwa ya mkulima wa Ufipa. Punje hukauka bila gharama yoyote, na baridi hupunguza kasi ya wadudu kuzaana. Kaya za vijiji vya bondeni, kama vile Muze, Mtowisa na Ilemba, hazina bahati hiyo, kwani kule joto haliondoki na fukusi hawalali.

Ulezi

Kabla ya mahindi, chakula cha Mfipa kilikuwa ugali wa ulezi. Msafiri Joseph Thomson kutoka Uskochi, aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwaona Wafipa kuwa watu wa kilimo kuliko wengine wote aliokutana nao njiani. Kilimo chenyewe kilikuwa cha matuta ya mviringo yanayoitwa intumba. Mwishoni mwa mvua, udongo ungali laini, mkulima hukata nyasi, huzikusanya na kuzifukia chini ya udongo uliogeuzwa, naye huacha shamba limejaa vichuguu vya kupandwa. Juu ya matuta hayo huweza kupandwa maharage. Nyasi huoza kiangazi kizima, na mvua mpya zikianza matuta hutawanywa, kisha ulezi humwagwa juu ya mbolea hiyo. Mfumo huu usichanganywe na ngoro za Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma. Zile ni mashimo ya kushika maji na udongo kwenye miteremko, wakati intumba ni tuta la kuozesha nyasi kwenye nchi ya wazi isiyo na miti mingi ya kuchoma ili kupata majivu ya mbolea.

Ulezi huvunwa kwa kisu kidogo, suke baada ya suke, kwa sababu masuke hayaivi siku moja. Ni kazi ya mgongo, na kwa kawaida imekuwa ya wanawake. Masuke hulundikwa na kufunikwa siku chache yapate joto. Lundo likifunuliwa kwa wakati wake, punje huachia upesi zinapopigwa. Likisahaulika, huingia ukungu, na ugali wake huwa mchungu. Mwenye uzoefu huingiza mkono katikati ya lundo kila siku na kusikiliza joto kwa kiganja.

Uwanja wa kupuria hutayarishwa mapema. Husafishwa, husawazishwa, kisha husiribwa kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe mpaka uwe mgumu na usio na ufa, maana punje ya ulezi ni ndogo kiasi kwamba ufa mmoja hula kibaba kizima. Watu husimama pande mbili wakipiga kwa magongo kwa zamu. Kisha upepo ule ule unaoudhi watu jioni huja kuwa msaidizi: mama huinua ungo hadi begani, humimina taratibu, makapi huenda zake na punje huanguka miguuni. Majirani wanaoitwa kusaidia wamekuwa wakilipwa kwa pombe ya ulezi, inayopikwa kwa kimea cha ulezi huo huo. Siku hizi wengi hudai pesa mkononi, na kazi ya ujima imebaki zaidi kwa ndugu na majirani wa karibu.

Sifa kuu ya ulezi ni kudumu. Punje zake ni ndogo na ngumu hivi kwamba wadudu wa ghalani hawana pa kuingilia, na ukikaushwa vizuri huweza kukaa miaka kumi bila dawa yoyote. Kaya yenye kihenge cha ulezi ilikuwa na akiba ya njaa ya leo na ya mwaka mwingine usiojulikana. Kihenge chenyewe husukwa kwa fito, husiribwa udongo ndani na nje, na huinuliwa juu ya mawe au nguzo ili unyevu na panya visifike kirahisi.

Mahindi yanaingia

Mahindi yalikuwapo Ufipa tangu zamani, lakini yalipata nguvu katika miaka ya 1970. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Katika kipindi hicho operesheni ya vijiji iliwakusanya watu kwenye makazi mapya, maksai na majembe ya kukokotwa yakaenea, na mbolea ya chumvichumvi ikafika kwa bei ya ruzuku. Serikali ilipanga bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, kwa hiyo Shirika la Taifa la Usagishaji lilimlipa mkulima wa Laela, mkoani Rukwa, sawa na aliye karibu na Dar es Salaam, gharama ya usafiri ikabebwa na dola. Ndani ya miaka michache Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kama mikoa minne inayolisha nchi. Bei hiyo ya usawa ilipoondolewa, umbali ulirudi mabegani mwa mkulima, ila mahindi hayakurudi nyuma.

Mbegu nazo zilibadilika. Chotara H614 kutoka Kitale, Kenya, na baadaye UH 6303 ya kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, zilizaa kuliko mbegu za kienyeji. Lakini mahindi mengi ya kisasa yana punje laini zaidi, na mara nyingi maganda hayafuniki ncha ya gunzi ipasavyo. Mdudu huanza kula shambani kabla hata mwenye shamba hajaonja. Hapo ndipo tatizo la hifadhi lilipozaliwa upya.

Mahindi huachwa yakauke yakiwa bado kwenye mabua, kisha huvunwa Juni na Julai, hubebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe na kurundikwa uani au juu ya kichanja. Kupukuchua kwa kupiga magunia au kichanja kwa fimbo ni haraka lakini huvunja punje, na punje iliyovunjika ni mlango wa mdudu. Mashine za kupukuchulia zinazozunguka vijijini zimepunguza kazi hiyo, ingawa nazo, zikifungwa vibaya, huvunja vilevile.

Maadui wa ghala

Mdudu anayeogopwa kuliko wote ni dumuzi, mgeni kutoka Amerika ya Kati aliyeonekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akaenea karibu nchi nzima. Huyu si kama fukusi wa kawaida. Hutoboa gunzi, punje, makopa ya muhogo, hata mbao za ghala lenyewe, na anachoacha ni vumbi jeupe kama unga uliosagwa na kinu kisichoonekana. Kwa ajili yake Tanzania ilibadili desturi nzima ya kuhifadhi. Mahindi yaliyokuwa yakiwekwa kwenye magunzi sasa hupukuchuliwa kwanza na kuchanganywa na dawa ya unga, inayojulikana sana ikiwa ni Actellic, kabla ya kutiwa kwenye gunia au kihenge.

Dawa isiyowekwa kwa kipimo, au inayotiwa kwenye mahindi mabichi, ni pesa iliyotupwa. Kwa hiyo ukavu hupimwa kwanza. Wengi huuma punje na kusikiliza mlio. Njia ya uhakika zaidi ni ya chupa: tia punje chache kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza chumvi kavu, tikisa, kisha acha kwa dakika kama kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Ghala salama huhitaji unyevu wa asilimia 13 hivi.

Unyevu huo huo hualika ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, na Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa muda mahindi kutoka Tanzania kwa sababu hiyo. Mavuno ya Ufipa, yakianikwa juu ya turubai badala ya udongo mtupu, yana nafasi nzuri kwa sababu ya ukavu wa kiangazi chake. Hatari kubwa iko kwa mwenye haraka, anayefunga gunia kabla mahindi hayajakauka ili awahi mnunuzi.

Njia iliyoingia karibuni ni mfuko wa tabaka tatu, maarufu kwa jina la PICS, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, pamoja na wenzao wa Kamerun kwa ajili ya kunde. Mifuko miwili ya ndani ya plastiki hufungwa barabara, wadudu humaliza hewa iliyomo, hufa, na dawa haihitajiki. Adui aliyebaki ni panya, mwenye meno ya kutosha kuharibu kazi yote usiku mmoja. Zipo pia kaya zenye vihenge vya bati, ila bei yake si ya kila mfuko.

Mbegu bado hutunzwa kwa njia ya babu na bibi. Magunzi makubwa huchaguliwa, huvutwa maganda nyuma, hufungwa pamoja na kutundikwa juu ya moshi wa jiko. Maharage huchanganywa na majivu. Hakuna mtaalamu aliyeleta njia hizi, na kwa kiasi kidogo cha mbegu bado hazijapata mpinzani.

Mboga na samaki

Majani ya kunde na ya maboga huchemshwa kidogo na kuanikwa. Hayo huliwa miezi ya Septemba na Oktoba, bustani za mabondeni zinapokauka. Viazi vitamu hukatwa vipande na kukaushwa. Uyoga wa miombo, unaookotwa mwanzo wa mvua, huwekwa akiba kwa njia hiyo hiyo.

Kitoweo kikubwa cha kiangazi hutoka chini ya uwanda. Kutoka Kirando, Kipili na Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, hupanda dagaa walioanikwa na migebuka waliokaushwa. Kutoka Ziwa Rukwa huja perege na kambare wa moshi, pamoja na mchele wa bondeni. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa bei gulioni hupanda. Masika dagaa wengi huoza kabla hawajakauka; kiangazi siku moja ya jua hutosha. Kwa sababu hiyo mavuno ya ziwa na mavuno ya shamba hukutana sokoni kwa wakati mmoja, na gunia la mahindi au debe la maharage limekuwa likibadilishwa kwa samaki tangu zamani, kabla ya barabara yoyote.

Soko na akiba ya taifa

Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 220, iliyojengwa kwa fedha za Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008, imebadili hesabu za mavuno. Malori sasa hufika Laela na Mpui mara mahindi yanapokauka. Shehena nyingine hushuka bandari ya Kasanga kuvuka ziwa kwenda Kongo. Mnunuzi mwingine ni Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanza Julai 2008 na wenye kanda yake Sumbawanga. Maghala yake yameongezewa vihenge vya kisasa kwa mkopo kutoka Poland.

Wakala ukichelewa kufungua vituo, mkulima mwenye ada ya shule na deni la mbolea huuza kwa mchuuzi, mara nyingi kwa lumbesa, gunia lililovimbishwa juu ya kipimo halali. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, lakini kwenye uwanja wa kijiji, mbele ya lori linalonguruma, sheria hiyo haina sauti kubwa.

Bei ya debe hupanda zaidi kati ya Januari na Machi, mahindi ya shambani yakiwa bado mabichi na ulezi haujatoa masuke. Kaya zilizouza ghala lote Julai ndizo zinazonunua katika miezi hiyo, mara nyingi kwa bei inayozidi sana ile waliyolipwa.