Mkono wa Kushoto na Safari ya Maandishi ya Kiswahili



Muhula uliopita, nilipokuwa nikisahihisha insha, nilikutana na daftari ambalo kila ukurasa wake ulikuwa na kivuli cha wino, kana kwamba mtu alipitisha kitambaa kichafu juu ya maneno. Hoja zilikuwa nzuri na sarufi haikuwa na dosari kubwa. Hata hivyo, nilimpunguzia mwanafunzi yule alama 2 za unadhifu. Alipokuja kuchukua daftari lake, alisema kwa sauti ya chini: "Samahani Mwalimu, mimi naandika kwa mkono wa kushoto. Mkono unapita juu ya maneno kabla hayajakauka."

Nilimrudishia alama zake. Lakini nilijiuliza: kosa lile lilikuwa la nani? Lilikuwa la mkono wake, au la kitu kingine ambacho sisi sote tumekizoea hata hatukioni? Jibu nililipata katika historia ya maandishi ya lugha hii tunayojifunza. Naomba tuifuate pamoja.

Tuanze na majina. Kwa nini Kiswahili husema mkono wa kulia? Ni kwa sababu ndio mkono wa kulia chakula. Wazee waliuita pia mkono wa kuume, yaani wa kiume, na ule wa kushoto wakauita mkono wa kuke. Hapa kwetu Rusizi, wanaozungumza Kinyarwanda husema iburyo, na ndani ya neno hilo tunasikia kitenzi kurya, yaani kula. Tazama basi: majina ya mikono yetu yalitoka kwenye chakula, wala hayakutoka kwenye kalamu. Mkono wa kulia ulipewa heshima ya kula, ya kusalimia na ya kupokea zawadi. Wa kushoto ukaachiwa kazi za usafi wa mwili. Maandishi yalipofika, kalamu ilikabidhiwa mkono ambao tayari ulikuwa na heshima. Na yule aliyezaliwa na shoto, yaani anayetumia zaidi mkono wa kushoto, akajikuta ana kosa hata kabla ya kuandika herufi ya kwanza.

Sasa twende pwani. Kwa karne nyingi, kabla ya herufi tunazotumia leo, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barua za wafanyabiashara, hati za mirathi na tenzi ndefu ziliandikwa hivyo. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728, ni miongoni mwa kazi kongwe zilizotufikia kwa hati hizo. Hata neno kalamu lilitujia kutoka Kiarabu.

Kumbuka kwamba herufi za Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulitafakari. Chukua kalamu kwa mkono wa kulia, uiburute polepole kuelekea kushoto. Unaona nini? Kiganja chako kiko upande wa kulia wa ncha ya kalamu, yaani upande uleule ambako maneno yameshaandikwa na wino bado ni mbichi. Mwandishi wa Pate au Lamu aliyetumia mkono wa kulia alikuwa na shida ileile ya mwanafunzi wangu! Ilimlazimu kuuweka mkono chini ya mstari, au kuandika kwa utulivu huku akisubiri wino ukauke. Alijifunza hivyo, akaandika kwa uzuri, na hakuna aliyesema kwamba mkono wake wa kulia una kasoro.

Kinyume chake, mwenye shoto akiandika kutoka kulia kwenda kushoto, mkono wake hutangulia na maneno hubaki nyuma yakiwa safi. Leonardo da Vinci wa Italia (1452–1519), aliyekuwa na shoto, aliandika madaftari yake mengi kwa mwelekeo huo, herufi zikiwa zimegeuzwa kama zinavyoonekana katika kioo.

Baadaye mwelekeo wa Kiswahili ukageuka. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na akakiandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini, ambazo huanzia kushoto. Edward Steere, aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha kitabu chake cha mafunzo ya lugha hii mwaka 1870 kwa herufi hizohizo. Utawala wa Wajerumani nao ulizieneza shuleni na ofisini. Gazeti la Kiongozi, lililoanza kuchapishwa Tanga mwaka 1904, lilitumia herufi za Kilatini. Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi mwaka 1916. Kwa hiyo Kiswahili cha ofisi kilichofika huku kwenye Ziwa Kivu kilikuwa kimekwisha kuanza safari ya kutoka kushoto kwenda kulia.

Mabadiliko hayo yalimpa nafuu anayeandika kwa mkono wa kulia. Shida ya kiganja kupita juu ya wino haikutoweka, ilihama tu. Iliondoka kwa walio wengi ikawaangukia walio wachache, yaani takriban mtu 1 katika kila watu 10. Tena vifaa vya shule viliiongeza. Kalamu ya kuchovya wino ina ncha ya chuma iliyopasuliwa katikati. Ikivutwa, huteleza, ikisukumwa, hukwaruza karatasi na kumwaga matone. Mwenye shoto anayekwenda kulia huisukuma. Hata kwenye kibao cha chaki, kiganja chake kilifuta alichokiandika. Mwalimu aliyeona uchafu huo alidhani ameona uvivu. Katika nchi nyingi, za Ulaya na za kwetu, watoto walipigwa kwenye vidole au kulazimishwa kubadili mkono. Hata Mfalme George wa Sita wa Uingereza (1895–1952) alilazimishwa utotoni kuandika kwa mkono wa kulia.

Leo tuna kalamu za wino mzito unaokauka upesi, lakini shida hazijaisha. Katika dawati la wanafunzi wawili au watatu, kiwiko cha mwenye shoto hugongana na cha jirani yake, na wote wawili hupoteza mstari. Akipiga mstari kwa rula, mkono wake huziba namba. Katika mtihani, huandika huku akiwa hayaoni maneno aliyotoka kuyaandika.

Tiba yake si ngumu. Mwenye shoto akae mwisho wa dawati upande wa kushoto. Aruhusiwe kuinamisha daftari, sehemu ya juu ielekee kulia, na mkono wake ukae chini ya mstari, kama mwandishi wa pwani alivyofanya zamani. Mwalimu naye asome maneno kabla ya kuhukumu madoa.

Hili ni suala la uraia pia. Rwanda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Kifungu cha 28 kinataka nidhamu ya shule iheshimu utu wa mtoto. Kumpiga au kumfedhehesha mtoto kwa sababu ya mkono aliozaliwa akiutumia ni kwenda kinyume na utu huo. Simaanishi tudharau mila zetu. Tutaendelea kupeana vitu kwa mkono wa kulia, na hapa Rwanda tutaendelea kuushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto tunapomsalimia mkubwa. Hata katika salamu hiyo ya heshima, mkono wa kushoto una kazi yake. Heshima ni jambo la watu wawili wanaokutana. Karatasi haina haja ya kuheshimiwa kwa mkono fulani.

Wahenga walisema: mkono mmoja haulei mwana. Nakuachia zoezi dogo. Andika sentensi tatu za Kiswahili kwa mkono usiouzoea, kisha umpe mwenzako azisome na kuzipa alama za unadhifu. Ukishaziona alama zako, mtazame vizuri yule anayekaa nawe darasani akiandika kwa mkono wa kushoto. Huenda ukaamua kumpisha mwisho wa dawati.