KAHAWA YA KARATU, NA ANAYENUNUA MAUA



Ndugu yangu, ukitoka Karatu ukashika njia ya Oldeani, utapita mashamba ya kahawa yaliyopakana na msitu wa Ngorongoro. Wengi hudhani zao hili ni la Wazungu. Hapana. Mti asili yake ni Ethiopia, na waliokifanya kinywaji kijulikane ni masufi wa Yemen, karne ya 15, waliokinywa ili wakeshe katika dhikri. Jina lenyewe ni la Kiarabu, qahwa. Mwaka 1511 Khair Beg aliipiga marufuku Makka (ndiyo, kahawa iliwahi kuitwa haramu!), na Cairo ikaitengua amri yake. Baadaye Wafaransa walichukua miche Yemen wakaipanda kisiwa cha Bourbon, leo Réunion, na mbegu za huko zikaletwa na wamisionari mpaka Kilimanjaro.

Karatu ilifuata. Miaka ya 1920 na 1930 walowezi, wengi wao Wajerumani, walifungua mashamba Oldeani. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Waingereza wakayachukua kama mali ya adui. Leo wapo pia wakulima wadogo, na hao ndio ninaowasemea.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kukataa kahawa iliyolimwa kwenye msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Ni jambo jema. Msitu ule wa juu ndio unaoipa Karatu maji. Lakini mnunuzi anayeuliza habari za msitu, je, anauliza mkulima alilipwaje?

Kagera kuna biashara inaitwa butura: mwenye fedha anainunua kahawa ikiwa bado maua au mbichi mtini, kwa bei ya shida. Ada ya shule imefika, mtoto anaumwa, mkulima afanye nini? Serikali imeikataza mara nyingi. Nawe uliye Karatu, usiseme hayo ni ya Wahaya. Shida haina kabila.

Watu wa Madina walikuwa wakiuza matunda hivyo hivyo. Yakipatwa na maradhi, wanagombana, kesi zinamfikia Mtume ﷺ. Akakataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kuiva.

Utasema: basi mkulima asipate fedha mapema? Anapata. Aliwakuta pia wakilipana mapema kwa mazao ya mwaka mmoja na miwili, akaliruhusu kwa sharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, muda ujulikane. Hiyo ndiyo salam. Unamlipa mkulima bei yote leo, mnaandikiana kilo kadhaa za kahawa ya daraja fulani, tarehe fulani. Msitaje miti ya shamba lake, kwa sababu miti ile ikikosa kuzaa mmerudi kwenye ugomvi ule ule wa Madina. Na bei iwe ya kweli, si ya kumnyonga kwa sababu umemkuta na shida.

Wallahu a'lam.