Takriban Miaka 70 ya CAF: Kura Moja kwa Kila Taifa

Februari 1957, mataifa manne yalikutana Khartoum na kuunda Shirikisho la Soka Afrika (CAF): Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Sehemu kubwa ya bara ilikuwa bado chini ya wakoloni. Mmisri Abdel Aziz Abdallah Salem akawa rais wa kwanza, na siku hizo hizo mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) yakaanza, kwa timu tatu tu. Afrika Kusini ya makaburu ilikataa kuleta timu ya weusi na weupe pamoja, ikatolewa. Ethiopia ikaingia fainali bila kugusa mpira, ikafungwa na Misri 4-0.

Kwangu mimi, heshima ya CAF inaanzia hapo. Chama cha siku chache, chenye wanachama wanne, kilikubali kumpoteza mmoja kuliko kuubariki ubaguzi. FIFA iliisimamisha Afrika Kusini mwaka 1961, rais wa FIFA Stanley Rous akasaidia kuirudisha 1963, na haikufukuzwa kabisa hadi 1976, baada ya damu kumwagika Soweto.

Jaribio kubwa zaidi lilikuwa Kombe la Dunia la 1966. FIFA ilitenga nafasi moja tu igombewe na Afrika, Asia na Oceania kwa pamoja. Kwame Nkrumah na Ohene Djan wa Ghana, pamoja na Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia, wakaongoza mgomo, na Afrika nzima ikasusia. Mwaka 1970 bara likapata nafasi yake lenyewe, Morocco ikaenda Mexico.

Nguvu hiyo ilitoka kwenye katiba. Katika Mkutano Mkuu wa FIFA, kama ilivyo kwa CAF, kila nchi ina kura moja, iwe kisiwa kidogo au taifa la mamilioni. Kila bendera mpya ya uhuru ilileta kura mpya. Mwaka 1974 huko Frankfurt kura za Waafrika zilichangia sana kumwangusha Rous na kumpa João Havelange wa Brazil kiti.

Lakini kura hizo hizo zinaweza kumkalisha mtu mno. Issa Hayatou wa Cameroon aliiongoza CAF tangu 1988 hadi 2017, miaka 29. Chini yake Afrika ilifikisha nafasi tano za Kombe la Dunia, na hilo si dogo. Ila utawala mrefu hivyo hauachi warithi waliopikwa vizuri. Ahmad Ahmad wa Madagascar alimshinda kwa kura 34 dhidi ya 20, na miaka miwili baadaye FIFA ilimtuma katibu mkuu wake, Fatma Samoura, kuisimamia CAF kwa miezi sita. Inauma kwa chama kilichoisusia FIFA mwaka 1966. Patrice Motsepe alishika usukani 2021.

Mkutano uleule wa Addis Ababa uliomwangusha Hayatou uliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Visiwani watu walishangilia. Miezi minne tu baadaye, uanachama ukafutwa: katiba ya CAF hairuhusu vyama viwili kutoka nchi moja, na Zanzibar ni sehemu ya Tanzania.

Mwaka 2023 Kamati ya Utendaji ya CAF iliwapa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa AFCON 2027. Vijana wa Unguja na Pemba, visiwa vya Zanzibar, watakaoitwa watavaa jezi ya Taifa Stars, timu ya Tanzania.