Mshirika Aliyekuwepo

Kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860 kina sentensi moja tu, lakini sentensi yenye fundo. Chukua mtu ambaye hata angekuwa mbali angeadhibiwa kwa kuchochea au kusaidia kosa. Mtu huyo akiwepo kosa linapotendeka, sheria humhesabu kuwa amelitenda kwa mkono wake.

Tumwite nani kwa Kiswahili? Wengi hukimbilia “mchochezi”. Ila kifungu cha 107 kinataja njia tatu za kuingia katika kosa la mwenzako: kumchochea, kula naye njama, au kumsaidia kwa makusudi. Mchochezi anaibeba njia ya kwanza tu, tena siku hizi neno hilo linanuka siasa. Msaidizi anaibeba ya tatu. “Mwezeshaji” lingefaa kama lisingekwisha kutekwa na watu wa semina. Mimi nachagua “mshirika wa kosa”, na nakataa “mshiriki”, ingawa yanatofautiana kwa irabu moja. Mshirika ni aliyefungamana na mkosaji, hata kama siku ya tukio alikuwa kwake amelala. Mshiriki ni aliyetia mkono katika tendo lenyewe. Kazi yote ya kifungu cha 114 ni kumvusha mtu kutoka neno la kwanza hadi la pili.

Tuseme Juma amempa Hamisi petroli na kumwonyesha duka la kuchoma. Duka likiungua Juma akiwa nyumbani, yeye ni mshirika. Akiwa amesimama ng’ambo ya barabara anatazama, sheria inasema amelichoma. Na yule muuza kahawa aliyesimama karibu naye, akaona yote akanyamaza? Kifungu hiki hakimgusi. Mwondoe pale, hakuna kosa linalobaki naye. Mwondoe Juma, bado petroli ni yake. Hicho ndicho kipimo, na wanaosema “kuwepo tu ni hatia” wamekiruka.

Mtu anaweza kuuliza kifungu kinaongeza nini, maana kifungu cha 109 tayari humpa mshirika adhabu ileile ya mtendaji iwapo kosa limetendeka kwa sababu yake. Jibu lilitoka London, zilikoishia rufaa za India ya kikoloni, katika rufaa ya Barendra Kumar Ghosh, aliyehusishwa na mauaji ya mkuu wa posta mjini Calcutta mwaka 1923. Alijitetea kwamba alibaki nje uani, kwa hofu. Hakutiwa hatiani kwa kifungu cha 114 bali kwa cha 34, cha nia ya pamoja, lakini Lord Sumner, jaji aliyetoa hukumu, alitumia nafasi hiyo kuvitenganisha viwili hivyo. Alieleza kuwa cha 114 ni suala la ushahidi. Katika vurugu mara nyingi haijulikani nani alifanya nini, hivyo ushirika uliotangulia ukiungana na kuwepo, sheria inakata shauri kwamba huo ni ushiriki, wala haisikilizi ubishi. Neno “uliotangulia” ndilo zito hapo. Anayefika ugomvi umeshapamba moto akapaza sauti “Mpige!” ana kesi yake, ila si ya kifungu hiki.

Kanuni hiyo ya India ilitumika hata kwetu, Kenya, Uganda na Tanganyika, hadi kanuni mpya zilipoingia mwaka 1930. Hizo zilifuata njia fupi zaidi: kifungu cha 22 Tanzania na cha 20 Kenya humweka mtendaji, msaidizi na mshauri katika kapu moja, awepo asiwepo. Ndiyo maana tangu hapo hatukulihitaji jina la mtu wa kifungu cha 114. India yenyewe ilipobadilisha kanuni yake Julai 2024, ilimbakiza, safari hii katika kifungu cha 54. Nasi, kwa kuwa mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama, hukumu za India ambazo mawakili wetu huzinukuu zitalazimika kusemwa kwa Kiswahili, na atakayeandika “mchochezi” kila mahali atakuwa amemsahau Juma na petroli yake.